Kisahani cha Majivu

Maoni ya wanafunzi juu ya mwalimu wao ni maandishi ya aina yake, na nadhani yanastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthiliya. Yana desturi zake, yana uongo wake uliozoeleka, na mara mojamoja yana ukweli ambao hakuna mkaguzi wa shule angeweza kuupata hata kama angekaa nyuma ya darasa mwaka mzima. Aghalabu huwa mafupi: mstari mmoja au miwili kwenye fomu, tena bila jina. Lakini yapo ya mwanafunzi mmoja yaliyofikia urefu wa kitabu kizima, na hayo ndiyo ninayotaka tuyaangalie, msomaji wangu, mimi na wewe.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Ashtray, yaani kisahani cha majivu ya sigara. Kimeandikwa na Errol Morris, Mmarekani, mtengenezaji wa filamu za matukio ya kweli, na kilitolewa mwaka 2018 na University of Chicago Press. Mwalimu anayehukumiwa humo ni Thomas Kuhn, aliyekuwa profesa wa historia ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Princeton. Kuhn ndiye aliyeandika The Structure of Scientific Revolutions, kitabu cha mwaka 1962 ambacho nacho kilitolewa na wachapaji haohao wa Chicago. Basi wachapaji wamepata mara mbili: kwanza kwa mwalimu, kisha kwa mwanafunzi aliyemchukia.

Shauri lenyewe ni hili. Mwaka 1972 Morris alikuwa mwanafunzi wa shahada ya juu ya historia ya sayansi hapo Princeton, na Kuhn ndiye aliyekuwa akimsimamia. Aliandika insha juu ya nadharia ya umeme na sumaku ya James Clerk Maxwell. Kuhn hakuipenda. Wakakutana ofisini, wakabishana, na Morris akauliza swali: ikiwa kila zama ya sayansi ina macho yake na lugha yake, na hakuna kipimo kimoja cha kuzipimia zote, mwanahistoria wa leo anawezaje kuzielewa zama zilizopita? Kuhn akashika kichwa. Morris akaongeza kwamba labda inawezekana kwa mtu anayejidhania kuwa Mungu. Hapo, kwa maelezo ya Morris, profesa akamrushia kisahani kilichojaa vichungi vya sigara. Haukupita muda mrefu mwanafunzi akajikuta nje ya Princeton. Kuhn alifariki mwaka 1996. Morris alilisimulia jambo hili katika gazeti la New York Times mwaka 2011, kisha akalifanya kitabu.

Niseme mapema ninalolishika. Mwanafunzi ni shahidi mkubwa wa yale aliyotendewa darasani. Katika hilo hana mpinzani, na profesa mwenye shahada kumi hawezi kumwambia kwamba hakuumia. Lakini kushuhudia ulivyotendewa na kuhukumu elimu ya aliyekutenda ni kazi mbili. Ya pili inadai ushahidi wa namna nyingine. Kitabu cha Morris kina nguvu pale kinapofanya kazi ya kwanza, na kinalegea kila kinapoitumia hiyo ya kwanza kujipatia hukumu ya pili kwa bei rahisi. Kwamba mtu alirusha kisahani hakuthibitishi kwamba alikosea juu ya Copernicus.

Ili tumtendee haki marehemu, inafaa tujue somo hili alilipataje, kwani nalo ni kisa cha kufundisha. Kuhn hakuanza kama mwanahistoria. Alikuwa akisomea udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1947 rais wa chuo hicho, James Bryant Conant, alimwita amsaidie kufundisha kozi ya sayansi kwa wanafunzi ambao hawakuwa wa sayansi: watu wa sheria, wa fasihi, wa historia. Conant alikuwa mkemia, na wakati wa vita alikuwa miongoni mwa wakuu waliosimamia kazi ya kutengeneza bomu la atomiki. Alijua kwamba raia wa kawaida, na wabunge wao, watatakiwa kuamua mambo makubwa ya sayansi bila ya kuwa wanasayansi. Akaona kuwakaririsha kanuni hakutawafaa kitu. Heri wajifunze jinsi sayansi inavyofanyika, kwa visa vichache vilivyochunguzwa kwa makini. Wasome jinsi Robert Boyle alivyohangaika na pampu yake ya kuvuta hewa. Wasome jinsi Lavoisier alivyoiangusha flojistoni, ile dhana kwamba kitu kinapoungua kuna kitu ndani yake kinachotoka, na jinsi wenye akili timamu walivyoishikilia dhana hiyo kwa sababu ambazo zamani zile zilikuwa nzuri.

Kuhn akapewa kisa cha mekanika. Kutayarisha somo hilo ikambidi amsome Aristotle, na kwanza akamwona kama mtu aliyeandika upuuzi mtupu juu ya mwendo wa vitu. Ikamsumbua: mtu aliyeona mbali sana katika mambo ya viumbe hai na ya siasa, amekuwaje mjinga hivi katika jambo hili? Baadaye Kuhn alieleza mwenyewe jinsi siku moja ya joto, kitabu kikiwa wazi mezani, alivyoinua macho na kutazama dirishani, na ghafla maneno ya Aristotle yakakaa mahali pake. Mwendo kwa Aristotle haukuwa ule wa Newton. Ulikuwa mabadiliko ya kila namna: tunda kuiva ni mwendo, mgonjwa kupona ni mwendo. Aliyekuwa hajaelewa ni msomaji.

Nawaomba walimu vijana walitazame jambo hili vizuri. Kitabu kilichouza nakala zaidi ya milioni moja, na kuwagombanisha wanafalsafa wa nusu karne, mbegu yake ilikuwa katika andalio la somo. Kijana wa miaka 25 alipewa mada asiyoijua vizuri, awafundishe watu wasio na hamu kubwa nayo, akakataa kuwapelekea jibu la mkato. Mwaka 1956 aliondoka Harvard, akaenda Berkeley, na mwaka 1964 akahamia Princeton.

Mafundisho yake kwa ufupi ni haya. Sayansi haipandi ngazi moja baada ya nyingine kama mtoto wa shule. Kwa muda mrefu wanasayansi hufanya kazi ndani ya kielelezo kikuu kimoja, alichokiita paradaimu, wakitatua mafumbo ambayo kielelezo hicho kinayaruhusu. Mafumbo yasiyotatulika yakizidi, kielelezo huyumba, na kingine hushika mahali pake. Mwenye kielelezo kipya na mwenye cha zamani hutumia maneno yaleyale kwa maana tofauti, kwa hiyo hupitana wakizungumza. Neno paradaimu lenyewe alilitumia kwa ulegevu. Mwanafalsafa Margaret Masterman alihesabu maana 21 katika kitabu hichohicho kimoja. Kosa kama hilo katika insha ya mwanachuo wangu ningelizungushia wino mwekundu.

Na alisema jambo jingine ambalo walimu hatulipendi: kwamba wanafunzi wa sayansi huzikubali nadharia kwa kumwamini mwalimu na kitabu cha kiada zaidi kuliko kwa kuuona ushahidi. Mtu aliyeliandika hilo bila kuoneana haya, alipopata mwanafunzi asiyetaka kuamini kwa heshima ya mwalimu tu, hakuweza kumvumilia. Morris angeweza kuijenga hoja yake yote juu ya jambo hili moja na ingesimama. Badala yake anapita kwa haraka kwenda kwenye falsafa, na falsafa ndiyo inayomponza.

Anadai kwamba kwa mafundisho ya Kuhn hakuna ukweli, kuna vielelezo tu, na kwamba mwalimu wake aliukana ulimwengu ulioko. Anamleta mwanafalsafa Saul Kripke kuwa mwamuzi. Huyu alifundisha kwamba jina hushikamana na kitu chenyewe, si na maelezo tunayoyafikiria juu ya kitu hicho. Dhahabu ilikuwa dhahabu kabla mtu yeyote hajajua atomu zake zimejengwaje. Morris anasema Kuhn alimkataza kuhudhuria mihadhara ya Kripke. Kama ndivyo ilivyokuwa, mimi naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko kurusha kisahani. Hasira hupanda na kushuka. Anayemzuia mwanafunzi asimsikie mwalimu mwingine amepanga jambo lake akiwa ametulia.

Lakini je, Kuhn aliukana ukweli? Katika nyongeza aliyoiandika mwaka 1969 kwa ajili ya toleo la pili, na katika mhadhara mwingine wa miaka iliyofuata, alijitahidi kuonyesha kwamba wanasayansi wana sababu njema za kuchagua nadharia moja na kuiacha nyingine: usahihi wa vipimo, kutojipinga, upana, wepesi, na kuzaa utafiti mpya. Alichokataa ni kwamba sababu hizo zinaweza kufanywa mashine ya kutoa jibu moja kwa kila mtu. Anayesoma haya kwa utulivu hamwoni mtu anayesema kwamba lolote ni sawa. Morris hakosi akili ya kuliona hilo. Ila msomaji anapata hisia kwamba kila anapofungua ukurasa wa Kuhn, anasikia tena kishindo cha kile kisahani ukutani.

Na lile swali lililoleta ugomvi, la jinsi mtu wa zama hii awezavyo kuielewa zama isiyopimika kwa kipimo chetu, ni swali zuri kabisa. Mimi ningelipa alama zote. Kuhn mwenyewe alikuja kulijibu miaka ya baadaye, na jibu lake mtu wa kwetu halimshangazi: kutofasirika si sawa na kutojifunzika. Nimezaliwa katika Kisambaa, nikasomeshwa kwa Kiswahili, nikafunzia ualimu vitabu vya Kiingereza. Neno letu «pole» ukimwambia Mwingereza amelipatie mwenzake katika lugha yake, atakuletea moja la kuomba radhi, ilhali anayesema pole hajakosa lolote. Au atakuletea la kuhurumia, ilhali tunamwambia pole hata mtu aliyetoka kazini salama. Halifasiriki kwa neno moja. Lakini mzungu aliyekaa nasi miaka miwili hulitumia vizuri tu bila kulifasiri. Kaingia katika lugha kwa mlango wake, kama mtoto. Wasomi wawili, kila mmoja akiwa na lugha moja kubwa ya kuzaliwa nayo, walifikia kurushiana vyombo kwa jambo ambalo kondakta wa basi la Lushoto hulifanya kila asubuhi.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya nikifunge kitabu kwa muda, nikae nikifikiri. Morris anasimulia kwamba insha yake ilikuwa na kurasa 30 hivi, mistari ikiwa imeachana nafasi. Kuhn alimrudishia majibu ya kurasa 30, mistari ikiwa imebanana. Morris analitaja hili kama dalili ya wazimu wa profesa. Mimi nimekuwa mkuu wa shule, kisha mkuu wa chuo cha ualimu, na nimepitia maelfu ya madaftari yaliyosahihishwa na wengine. Naijua alama ya vema inayopigwa bila kusoma. Naijua «jitahidi zaidi» inayoandikwa kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kikombe cha chai. Mwalimu aliyekaa akamwandikia mwanafunzi mmoja majibu marefu maradufu ya insha yenyewe, hata kama aliyaandika kwa ukali, alimchukulia mwanafunzi huyo kuwa mtu mwenye hoja ya kujibiwa. Morris hakukutana tena na msomaji wa namna hiyo, nadhani. Ndiyo maana miaka 46 baadaye bado alikuwa akimjibu.

Hii haimwondolei Kuhn lawama ya kurusha. Mwalimu asirushe kitu. Lakini ushahidi wa mwanafunzi, ukiupima vizuri, una vitu viwili ndani yake, kurasa 30 na kisahani, na Morris ametupa kimoja kama jina la kitabu na kingine kama mzaha wa kupita.

Katika chuo nilichokiongoza tulikuwa na desturi baada ya mazoezi ya kufundisha. Tuliwaomba wanafunzi wa shule husika waandike kwenye vipande vya karatasi, bila majina, mambo mawili tu: mwalimu huyu amekufundisha nini, na nini kilikuzuia kujifunza. Hatukuwauliza kama mwalimu ni mzuri. Ukimuuliza mtoto kama mwalimu ni mzuri, anakujibu kwa upendo au kwa kisasi. Ukimuuliza amejifunza nini, inambidi afikiri. Sasa, alikuwako mwanachuo mmoja hodari wa hisabati ambaye, katika shule moja, alimrushia dasta kijana aliyemuuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya. Habari zilinifikia kabla ya karatasi. Nilipozifungua hizo karatasi, wengi walisifu mwandiko wake ubaoni na kwamba alimaliza mada zote za azimio la kazi. Wachache walitaja ukali. Karatasi moja, nami naamini nilijua ni ya nani, ilisema: amenifundisha kuzidisha hasi kwa hasi, kilichonizuia, mpaka sasa sijui kwa nini. Dasta halikutajwa. Nilimrudisha mwanachuo yule darasani wiki iliyofuata akalijibu lile swali mbele ya darasa zima, akatumia deni la dukani kulieleza, na akalieleza vizuri.

Karatasi ile ndiyo ninayoiita maoni bora ya mwanafunzi. Ina somo, ina pengo la somo, na inaacha hukumu kwa mwingine.

Kuna wanafunzi wengine wa Kuhn waliomwona kwa jicho tofauti, na Morris angetenda haki kama angewapa nafasi pana zaidi. John Heilbron alisoma kwake Berkeley, akafanya naye kazi miaka ya 1960 ya kuwahoji wanafizikia wazee walioianzisha nadharia ya kwanta kabla hawajafa na kumbukumbu zao. Jed Buchwald alikuwa mwanafunzi wake Princeton. Wote wawili walikuja kuwa wanahistoria wa sayansi wa kuheshimika, na wote wawili walimwandikia Kuhn tanzia za heshima. Je, ushahidi wao unafuta wa Morris? Hapana. Mwalimu mmoja anaweza kuwa mvua kwa huyu na jua kali kwa yule, katika mwaka uleule na chumba kilekile. Ila anayeandika kitabu kizima kumhukumu mtu aliyekufa, ambaye hawezi kujitetea, anadaiwa kuwaita mashahidi wa pande zote.

Siku hizi hata vyuo vikuu vyetu huwapa wanafunzi fomu mwisho wa kozi wamwekee mhadhiri alama kuanzia 1 hadi 5. Jambo hili lilianza Marekani, huko Purdue na kwingineko, katika miaka ya 1920. Silikatai. Lakini wanaozisoma fomu hizo wakumbuke jaribio la mwaka 1970 lililotangazwa 1973. Watafiti watatu walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dokta Fox na sifa za uongo, wakamfunza mhadhara uliojaa maneno matupu na yanayojipinga juu ya hisabati na elimu ya utabibu. Akautoa kwa uchangamfu, kwa vichekesho, mbele ya wataalamu, wakiwamo madaktari wa magonjwa ya akili. Wasikilizaji wakajaza fomu, na kwa sehemu kubwa wakamsifu. Kwa hiyo mtu aweza kupewa 5 kwa sauti nzuri. Kuhn, aliyevuta sigara mfululizo na kuzungumza kama mtu anayepigana na sentensi zake, sijui angepata ngapi mbele ya Dokta Fox.

Nikitafuta maoni ya mwanafunzi juu ya mwalimu yaliyoingia hasa katika historia ya sayansi, siendi Princeton. Yako karibu na nyumbani kwetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Waliyachemsha maziwa, wakatia sukari, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kabla ya kuyatia kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo, kila mmoja akiiwania, Mpemba akayatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena alipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu, na tangu hapo kila alipokosea darasani wenzake walimtania kwa maneno hayohayo.

Akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, Dokta Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akanyanyuka, akauliza swali lake, wenzake wakaona aibu. Osborne hakulikubali wala hakulicheka, alisema atalijaribu. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja katika jarida la Physics Education, na sehemu ya Mpemba ni yeye mwenyewe akieleza kwa maneno mepesi yote niliyoyasimulia: maziwa, jokofu, majibu ya walimu, kicheko cha darasa. Kwa mhakiki, hayo ni maoni ya mwanafunzi juu ya walimu wake kwa ukamilifu wote. Lakini tazama alivyoyaandika. Hawataji walimu kwa majina. Anatoa walichosema, anatoa alichokiona, kisha anatoa vipimo, ili anayetaka ayachemshe maziwa yake mwenyewe. Osborne naye anaongeza kwamba fundi wa maabara alipoyajaribu, akaona maji ya moto ndiyo yaliyoanza kuganda, akaahidi ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Kuhn angelipenda sana jambo hilo la fundi. Ni mfano kamili wa mtu aliyeko ndani ya kielelezo, anayeona na asiyeamini.

Na ubishi wenyewe haujaisha. Aristotle aliwahi kuandika kitu cha namna hiyo juu ya maji yaliyopashwa moto; na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitoa makala wakisema walipopima kwa uangalifu hawakuyaona maji ya moto yakipoa haraka kuliko ya baridi. Wengine wanaendelea kutetea. Vyovyote itakavyokuwa, ushuhuda wa Mpemba juu ya walimu wake hautabadilika hata kidogo, kwa kuwa hakuutegemeza juu ya ushindi wake.

Morris aliutegemeza. Na hapa nataka nimtendee haki kama ninavyodai amtendee mwalimu wake. Aliingia katika filamu, na mwaka 1988 alitoa The Thin Blue Line, juu ya Randall Dale Adams, aliyehukumiwa kifo huko Texas kwa kumuua askari polisi wa Dallas mwaka 1976. Morris alichunguza, akahoji mashahidi, akaonyesha kwamba walidanganya au walijidanganya. Mwaka 1989 Adams alitoka gerezani. Mtu aliyemwona mwenzake akikaribia kuuawa kwa ajili ya hadithi ambayo mahakama iliizoea, ana haki ya kutetemeka anaposikia msomi akisema ukweli ni wa kila zama. Ama aliyefyatua risasi ni Adams, ama si yeye. Hakuna paradaimu ya tatu. Kurasa ambazo Morris anaizungumza hoja hii ndizo bora katika kitabu chake, na nimezisoma mara mbili.

Lakini kazi iliyomtoa Adams ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa ya kurudi kwa kila shahidi, hata yule asiyependeza, na kumwachia nafasi aseme yote. Uangalifu ule aliompa mfungwa wa Texas hakumpa profesa wa Princeton. Chumba kilikuwa na watu wawili, mmoja amekufa, aliyebaki ndiye mwendesha mashtaka, ndiye shahidi, ndiye hakimu.

Kama ningekuwa mhariri wake, ningeziondoa sura mbili tatu za falsafa, ambazo wengine wameziandika vizuri zaidi, na mahali pake ningeomba niwekewe zile kurasa 30 zilizobanana, pamoja na insha ya kijana yule juu ya Maxwell, mkono wa kushoto insha na mkono wa kulia majibu, bila maelezo ya mtu yeyote, msomaji asome.